Barua ya Umaskini wa Bosi

Pale Milola ukimuulizia Abilahi Hasani, watu watakuuliza, Abilahi yupi? Ukisema Bosi, hata mtoto wa darasa la kwanza atakusindikiza mpaka mlangoni. Lakini ninayetaka kuwaelezeni habari zake leo si Bosi mwenyewe, ni binti yake wa kwanza, Zuwena. Ila za binti hazielezeki bila za baba, mtaona wenyewe.

Jina la Bosi lilianza kama utani. Kila msimu wa korosho, fedha za wakulima zikishaingia benki, Abilahi alivaa kanzu nyeupe na kofia ya kushonwa kwa mkono, akapanda gari la asubuhi kwenda Lindi mjini. Alasiri alirudi na mikate miwili mikubwa. Waliokaa kijiweni wakimwona anashuka, mmoja lazima amtupie neno, "Bosi, benki umewabakishia kitu?" Naye alijibu kwamba amewaachia chenji. Mkate mmoja aliumega palepale, kila mtu kipande chake, wa pili akaenda nao nyumbani. Basi jina likakaa.

Zuwena alikua chini ya jina hilo. Shuleni walimwita Mtoto wa Bosi hata siku alizokwenda na kandambili iliyofungwa kwa waya. Alikuwa msichana wa maneno machache, mwenye maradhi ya kusoma chochote chenye maandishi. Mama yake, Mwanaima, akimtuma dukani humsubiri hadi sufuria inakauka, kumbe mtoto kasimama njiani anasoma kipande cha gazeti walichofungia vitumbua. Kusoma huko kulimfikisha shule ya bweni, mbali na nyumbani, na alipomaliza kidato cha sita alipata daraja la kwanza, pointi tatu. Kwa anayejua hesabu za mitihani yetu, hakuna juu ya hapo.

Aliyemtia jambo kichwani ni mwalimu wake wa kemia, Mwalimu Theresia. Alimwambia kuna vyuo ng'ambo ambavyo watoto wa matajiri wa dunia nzima wanavigombania, na vyuo hivyohivyo, mtoto wa maskini akichaguliwa, humlipia kila kitu: ada, chakula, mpaka tiketi ya ndege. Sharti athibitishe kwamba kweli kwao hawana. Zuwena alicheka. Kuthibitisha kwamba amefaulu alijua ni kazi. Kuthibitisha kwamba hawana, hilo aliliona jepesi kuliko yote.

Akahamia Mitwero, nje kidogo ya Lindi mjini, kwa mama yake mdogo, kwa sababu huko mtandao unapatikana. Asubuhi alimsaidia mama mdogo kukaanga maandazi, mchana alikwenda dukani kwa Grace, mwanamke mwenye kutoa kopi na kukodisha kompyuta kwa saa. Miezi mitatu alikaa mbele ya kompyuta ile. Alijibu maswali ambayo hajawahi kuulizwa na mtu: unapenda nini, umejifunza nini katika kushindwa, kwenu mnaishije. Hapo pa kwao wanaishije aliandika alichokijua. Baba ni mkulima wa korosho. Fedha ya korosho huonekana mara moja kwa mwaka, siku ya mikate, kisha haionekani tena. Kwa hiyo hatuna. Akatuma maombi siku chache kabla ya mwaka mpya.

Katikati ya Januari ujumbe ukaja. Chuo kile alichokitanguliza mbele ya vyote kilisema maombi yake bado yanatazamwa, lakini zimepungua karatasi mbili. Ya kwanza, mauzo ya mazao ya baba yake kwa msimu uliopita. Ya pili, barua ya ofisi ya kijiji kueleza hali ya nyumbani. Walimpa siku kumi na mbili. Bila karatasi hizo, walisema kwa adabu, hawataweza kufikiria habari ya kumlipia. Na asipolipiwa, hata wakimchukua ni sawa na kumwalika mtu harusini ng'ambo ya mto usio na daraja.

Zuwena alipanda gari kwenda Milola na moyo mweupe. Karatasi mbili tu.

Karani wa chama cha msingi, pale ghalani wanapopimia korosho, alimpokea kwa utani. Alitaka kujua Mtoto wa Bosi anaitakia nini karatasi ya mauzo, au nyumbani wanataka kununua ndege. Akabonyezabonyeza mashine yake, karatasi ikatoka. Zuwena aliisoma amesimama, kisha akaisoma tena. Jina la baba yake, namba yake ya mkulima, na chini yake kilo elfu nne na mia tatu. Fedha iliyoingia benki ilizidi mshahara wa mwaka mzima wa Mwalimu Theresia. Alimuuliza karani kama hakuna makosa. Karani alisema mashine haikosei, wanaokosea ni watu wanaouza korosho kisha wanalia njaa.

Nyumbani alimkuta mama yake anapepeta mchele. Mwanaima hajui kusoma sana, lakini tarakimu anazijua. Aliitazama karatasi, akaweka ungo chini.

"Kamuulize baba yako," alisema. "Yuko shamba. Ila muulize taratibu."

Abilahi alikuwa anapalilia. Zuwena alimwamkia, akaitikiwa marahaba, akaulizwa kilichomleta na jua lote lile. Akampa karatasi. Baba mtu alijifuta mikono kwenye suruali, akaitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji karatasi ya mistari minne. Kisha akasema yote, bila kumtazama binti yake.

Misimu mitatu nyuma, wakati Zuwena yuko bweni, wadogo zake wawili wa kiume walikuwa wanatoka jando. Mwaka ule mikorosho ilishika ugonjwa, mavuno yakawa ya kubahatisha. Lakini Ahmadi, kaka yake Abilahi, alishawatoa wanawe kwa shughuli ya siku mbili, ngoma, ng'ombe, na pilau kwa kila aliyekuja na sahani. Bosi angewatoaje wanawe kwa uji? Akaenda Mitwero kwa mfanyabiashara mmoja, Abdurahmani, akamwekea mikorosho yote rehani kwa misimu mitano. Ngoma ikapigwa. Watu walisema haijawahi kutokea.

Sasa Abdurahmani hana shamba Milola, na asiye na shamba hasajiliwi chamani. Basi korosho za Abilahi, pamoja na za watu wengine watatu waliomwekea rehani kama yeye, zote zikawa zinapita kwa namba ya Abilahi. Fedha ikiingia wanakwenda benki wawili. Abilahi anatia saini, Abdurahmani anapokea. Cha Abilahi ni nauli, mikate miwili, na ujira wa kulipalilia shamba lake mwenyewe.

"Kijiji kizima kilikula pilau ile," alisema. "Ningewaambiaje kwamba wamekula mikorosho?"

Alimweleza kuhusu chuo, siku kumi na mbili, na barua. Abilahi alimrudishia karatasi na kumwambia aipeleke kama ilivyo, huko ng'ambo waone kwamba baba yake ni mtu.

"Wataona nimewadanganya, baba. Niliandika hatuna."

"Na nani alikutuma uandike hatuna?"

Hilo lilimuuma Zuwena kuliko ile habari ya rehani. Alikaa chini, kwenye majani yaliyopaliliwa, na baba yake akaendelea kulima kama mtu anayesubiriwa na bosi wake.

Kesho yake, labda kwa kuona haya, Abilahi alikubali jambo moja. Kwamba waende kwa Abdurahmani wakaombe ule ukurasa wa daftari walioandikiana. Ukurasa huo ungetosha kueleza kwamba kilo zile si zao. Walikwenda. Abdurahmani aliwakaribisha vizuri, akawaagizia soda, akauliza habari za nyumbani mpaka za kuku. Walipotaja ukurasa akasogeza kiti chake nyuma. Kisha akasema polepole, kama mtu mwenye kuonewa.

"Bwana Abilahi, mimi nilikusitiri. Ulikuja kwangu huna hata mchele wa ngoma. Korosho kupita kwa namba ya mtu mwingine ni kosa, wewe unajua na mimi najua. Leo unataka nilitilie saini lisafiri mpaka Ulaya?"

Abilahi akasema hapana, hataki ubaya. Abdurahmani akasema naye hataki. Ila neno hilo likisikika kokote, Bwana Abilahi atafute pengine pa kulima. Soda hazikumalizwa.

Ikabaki ofisi ya kijiji. Mtendaji wa kijiji alikuwa Dominick, mtu wa Njinjo, Kilwa huko, asiye na jamaa Milola na kwa hiyo asiye na upendeleo. Alimsikiliza Zuwena mpaka mwisho. Akasema anamsadiki, lakini kusadiki hakupigwi mhuri. Karatasi ya chama inasema tajiri, mtoto anasema maskini. Yeye aandike nini? Aje mzee mwenyewe, aseme kwa kinywa chake mbele ya mwenyekiti na majirani wawili, nao watie saini. Ndio utaratibu. Zuwena alijua maana yake. Milola, jambo likisikiwa na majirani wawili asubuhi, adhuhuri linachotwa kisimani pamoja na maji.

Abilahi alikataa. Hakukataa kwa ukali. Alisema tu hawezi. Alisema yuko tayari kuuza baiskeli, kuuza bati za jikoni, kwenda kuvunja kokoto. Kumbe hayo yote hayakuombwa na mtu. Kilichoombwa ni maneno yake, na hayo ndiyo hakuwa nayo. Siku zikabaki sita. Zikabaki tano. Akawa anatoka kabla watu hawajaamka na kurudi wameshakula. Zuwena akarudi Mitwero, maana kukaa nyumba moja na mtu anayekukwepa ni adhabu kwa wote wawili.

Dukani, Grace alimwona anaitazama kompyuta bila kuigusa, akamuuliza kulikoni. Alipoelezwa hakushangaa hata kidogo.

"Andika baba amefariki," alisema, huku anapanga karatasi za kopi. "Yatima haulizwi korosho. Wangapi wamekaa hapo ulipokaa wewe wakaandika hivyo? Na wazazi wao mpaka leo wanacheza bao."

Msimlaumu Grace, alikuwa na moyo wa kusaidia. Na msimlaumu Zuwena kwamba aliandika. Sentensi moja tu. Akaitazama. Akatoka nje, akampigia mama yake simu, kama anayeomba ruhusa ya jambo dogo, akasema kuna njia nyingine, ila ni ya uongo, nao ni huu.

"Usitume kwanza," mama akasema.

Usiku huo Mwanaima alimwekea mumewe ugali na mchicha, akamnawisha, akamwacha ale matonge mawili matatu. Ndipo akamwambia, kwa sauti ile ya kuomba chumvi:

"Baba Zuwena, mwanao ameshauriwa akuue kwenye karatasi. Anauliza uliumwa nini."

Abilahi akasimamisha tonge. Akalirudisha kwenye sahani, akanawa.

Asubuhi alivaa kanzu. Waliokuwa kijiweni walimuuliza kama benki imefunguliwa mapema. Akawapita na salamu tu. Alikwenda kwanza kugonga kwa kaka yake Ahmadi, kisha kwa jirani wa upande wa pili, Iddi fundi baiskeli, akawaomba wamsindikize ofisini. Angeweza kuchagua wengine. Lakini nadhani, na haya ni mawazo yangu tu, aliona kama ni kuumia, aumie mara moja.

Mbele ya mtendaji na mwenyekiti alisema kwa kifupi. Mikorosho si yangu tangu misimu mitatu, kilo zile si zangu, fedha ile naishika nikiwa benki tu. Dominick akawa anaandika. Alipofika kwenye sababu ya rehani aliuliza kama aandike matatizo ya kifamilia, ndivyo watu wengi wanavyopenda.

"Andika ngoma," Abilahi akasema. "Andika jando, ng'ombe, na pilau."

Ahmadi, kaka mtu, alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyagwa.

"Na mimi nilikula sahani mbili," alisema. Akatia saini, akatoka bila kuaga.

Mwanaima ndiye aliyeileta barua Mitwero, imekunjwa ndani ya Kurani ndogo ili isikunjamane. Ilibaki siku moja na nusu. Zuwena akaitafsiri kwa Kiingereza, kwa sababu chuo kilitaka hivyo, na hapo ndipo alipochelewa. Maneno mengine yalikwenda haraka. Lakini namna ya kumweleza mgeni kwamba baba yako aliweka shamba rehani ili wanawe wasitoke kumbini, kwenye jando, kama yatima, bila mgeni huyo kumwona mpumbavu, hiyo ilimchukua mchana mzima. Aliandika, akafuta. Mwisho akaitafsiri kama ilivyo, bila kumtetea baba wala kumshitaki. Ile sentensi ya kifo alikwisha kuifuta zamani. Karatasi zote mbili zikaenda, ya kilo na ya maelezo ya kilo.

Yaliyofuata hayakungoja majibu ya chuo. Habari ilifika Mitwero kabla barua haijafika ng'ambo. Wiki haikuisha, Abdurahmani akampeleka mtu mwingine kupalilia shamba, mtu wa kuja asiyejua lolote, ambaye alikuja kumuuliza Abilahi mpaka wa shamba uko wapi. Abilahi alikwenda, akamwonyesha. Chamani nako waliisimamisha namba yake mpaka uchunguzi uishe. Pale kijiweni hawakuacha kumwita Bosi, ila sasa walianza kwanza kuangaliana. Mwanaima akaazima kwa jirani kipande cha shamba cha kupandia mihogo.

Mwishoni mwa Machi, jibu likaja. Zuwena alilifungua dukani kwa Grace, kwenye kiti kilekile. Lilianza kwa shukrani nyingi, na mtu aliyesoma sana anajua kwamba jibu jema halina haja ya shukrani nyingi. Walisikitika. Waombaji walikuwa maelfu kwa maelfu. Hawakuweza kumpa nafasi.

Grace alisoma juu ya bega lake. Akasema, si kwa ubaya, "Ungeandika yatima."

Zuwena alilipa saa yake akaondoka. Kwa siku nne hakupiga simu nyumbani. Kilichomzuia hakikuwa kukosa chuo. Mwalimu Theresia alishamwambia mapema kwamba wanaokosa ni wengi kuliko wanaopata, na kwamba miongoni mwao wamejaa hata wa daraja la kwanza. Kilichomzuia ni kwamba mtu alikuwa ameuza heshima yake kwa ajili ya jibu hilo, na sasa yeye ndiye wa kumpelekea mzigo mtupu.

Alipokwenda alimkuta baba yake uani, anachonga mpini. Akamwamkia. Akamwambia palepale, maana angekaa lingemshinda.

"Ni kwa sababu yangu?" Abilahi akauliza.

"Hawakusema sababu, baba. Tulikuwa wengi."

"Barua yangu waliisoma?"

"Waliisoma."

Abilahi aliendelea kuchonga. Mpini ulikuwa umeshalingana, akawa anachonga hewa tu.

"Kwa hiyo wako watu ng'ambo huko," alisema baadaye, "sijui hata majina yao, wanajua habari ya pilau yangu."

Zuwena hakujua kama ni mzaha. Alimtazama usoni, asipate jibu. Mama yake kutoka jikoni alimwita aje amenye mihogo, na hiyo ikawa rehema.

Mwezi wa saba, vyuo vya humu nchini vilipofungua maombi, Zuwena akajaza. Nafasi ya udaktari Dar es Salaam kwa alama zake haikuwa na shaka sana. Ada ndiyo ilikuwa na shaka. Ili aombe mkopo wa serikali alitakiwa tena kuthibitisha hali ya nyumbani, na barua ile ya Januari ilikuwa ya mwaka wa masomo uliopita, haifai. Alikaa na jambo hilo siku mbili bila kumwambia baba yake. Alimwambia mama tu, na akasema Jumatatu atakwenda mwenyewe ofisini kumwomba mtendaji ainakili ile ya zamani, abadilishe tarehe, yaishe.

Jumatatu alipofika, baba yake alikuwa ameshakaa kwenye benchi la ofisi, wa tatu katika foleni, kavaa nguo za kazi, magoti yana udongo. Hakuna aliyemwomba aje. Mwanamke aliyekaa pembeni yake, aliyekuja kwa kesi ya mbuzi, alikuwa anamuuliza Bosi naye ana shida gani huku.

"Barua ya umaskini," Abilahi akamjibu, kwa sauti ya kawaida. "Nasikia ya mwanzo imekwisha muda."

Mtu mmoja akacheka, kisha akaona kacheka peke yake. Zuwena akaenda kuketi upande wa pili wa baba yake, wakangoja mpaka zamu yao ilipofika.

Dominick alitoa faili, akaipata nakala ya zamani, akaisoma kwa sauti ya chini kutoka juu mpaka mwisho, jando, ng'ombe, pilau, kisha akauliza kama ibaki hivyohivyo.

"Ibaki," Abilahi akasema. "Ila ongeza na hili. Mwaka huu hata ile kazi ya kupalilia sinayo."

Mtendaji akainamia karatasi, akaongeza.